Mshika Kamba

Methali ya samaki tunaikubali bila kuuliza, hasa sisi wa ufuko wa Tanganyika: mkunje angali mbichi. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuna wanaomfundisha mtoto wa mbwa kumtafuta binadamu aliyepotea, hudhani ni kazi ileile. Umkunje mapema, umpe amri, umchape akikosea, mwishowe atatii. Sivyo. Mtoto wa mbwa wa wiki nane au kumi tayari ananusa vizuri kuliko mwalimu yeyote atakayewahi kumpata. Inakadiriwa kwamba pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Ya binadamu ina karibu milioni 6. Akitoa pumzi, hewa hupitia kwenye mipasuko ya kando ya pua, hivyo hewa mpya inayoingia kwa mbele haifukuzwi. Pua hiyo haina cha kuongezewa. Kinachobaki kukunjwa ni yule anayeshika kamba nyuma yake, na huyo kwa kawaida ni mtu mzima, amekwisha kukauka.

Somo la kwanza ni mchezo wa kujificha. Mtu ambaye kibwa anampenda humwonjesha nyama, humchezea kidogo, kisha hukimbia na kutokomea nyuma ya kichaka, umbali wa mita 20 au 30. Kibwa ameshikiliwa, analia, anajivuta. Anavalishwa mkanda wa kifuani, ananusishwa kitambaa alichoacha yule mtu, kamba inalegezwa. Akimfikia ni sherehe: nyama, vigelegele, kukunwa masikio. Baadaye hamwoni tena mtu akikimbia. Anaachiwa kitambaa na ardhi. Njia inapindishwa kona moja, kisha mbili. Inaachwa ipoe nusu saa, saa moja, usiku kucha. Watu wengine wanaikatiza, mbuzi wanaipita, pikipiki inaivuka. Kila ugumu unaongezwa peke yake, na ukimshinda wanarudi hatua moja nyuma ili siku iishe amepata. Ule mkanda havalishwi kwa jambo jingine lolote, si matembezi wala kufungwa uani, ili siku akiuona ajue bila kuambiwa kwamba kuna mtu wa kutafutwa. Huchukua mwaka na nusu, mara nyingi miwili, kabla mbwa huyo hajategemewa kwa kazi ya kweli.

Anachofuata si alama ya mguu tu. Ngozi ya binadamu hupukutika muda wote, chembe makumi ya maelfu kwa dakika, kila chembe na jasho lake na bakteria wake, nazo humwangukia nyuma kila anayetembea. Harufu hiyo huenda kama moshi wa jiko: hubebwa na upepo, hunasa kwenye nyasi, hutuama mtaroni, hulala chini ya ukuta. Jua kali huifuta, umande huitunza.

Ukitaka darasa gumu la kazi hii, njoo kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu. Usiku ubaridi wa milimani hushuka kwa mabonde ya mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge kuelekea ziwani, saa zilezile wavuvi wa ndakala wamewasha taa zao. Mtu akipita barabara ya Kalundu saa nane mchana, harufu yake inaweza kusukumwa upande wa mlima; kufikia alfajiri imekwisha kushushwa upande wa maji. Juu ya hayo kuna vichanja vya samaki wanaokauka, moshi wa makaa, mafuta ya malori, nyayo za watu wa soko zima. Mbwa akiiacha barabara akakatiza kwenye mihogo, anayetazama kwa macho atasema amepotea. Yeye amekwenda iliko harufu. Barabara tunaiona sisi.

Hapo ndipo kazi ya kumkunja mshika kamba inapoanza. Wiki za mwanzo anajua njia ilikopita, kwa sababu alishuhudia ikiwekwa. Mbwa akielekea ambako mshika kamba anadhani siko, mkono unakaza kidogo tu. Akielekea anakotaka mshika kamba, mkono unalegea, hata pumzi inatulia. Mbwa anagundua upesi kwamba kusoma mkono huo ni rahisi kuliko kusoma ardhi. Tangu siku hiyo hamtafuti aliyepotea, anatafuta kilicho kichwani mwa bwana wake, na bwana wake atasifu kipaji chake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 Lisa Lit na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya jaribio la mbwa 18 wa kunusa dawa za kulevya na baruti, kila mmoja na mshika kamba wake. Washika kamba waliambiwa kwamba vyumbani huenda kumefichwa harufu ya kutafutwa, na kwamba mahali pengine karatasi nyekundu inaonyesha ilipo. Hakukuwa na harufu yoyote iliyofichwa. Hata hivyo washika kamba waliripoti zaidi ya mara 200 kwamba mbwa wamegundua kitu, na penye karatasi nyekundu ndipo waliporipoti zaidi. Pua hazikuwa na kasoro. Imani ya binadamu ilikuwa imeshuka kwa kamba, au imekaa machoni mwake ikaona ilichotaka kuona.

Dawa yake ni njia ambayo mshika kamba haijui. Mtu mwingine anaiweka na kuondoka, na yeye anafika akiwa mtupu. Sasa hana budi kumsoma mnyama: mgongo unavyonyooka harufu ikiwa nzito, mkia unavyobadili mwendo, kichwa kinavyogeuka ghafla pale ilipokatika. Anajifunza kusimama. Anajifunza kurudi mpaka mahali pa mwisho ambapo mbwa alikuwa na hakika, na kuanza upya bila hasira. Lililo gumu kuliko yote huja baadaye: mbwa ananusishwa nguo ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale. Jibu sahihi ni kukataa kwenda. Atazunguka, atamtazama mshika kamba, atasimama, na kwa kusimama huko atapewa nyama yake. Mshika kamba asiyeweza kulipokea hilo atamsukuma hadi mbwa abuni njia ili kumridhisha. Katika nchi ambako ripoti nyingi huandikwa kumfurahisha atakayeisoma, mnyama anayelipwa kwa kusema "hayupo" ana la kutufundisha.

Kazi hii si ngeni Kivu. Mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ya kwanza ya taifa barani Afrika, iliunda kikosi cha mbwa huko Rumangabo kwa mafunzo ya Marlene Zähner, daktari wa mifugo kutoka Uswisi. Kikosi kiliitwa Congohounds. Mbwa wake wa kwanza walikuwa bladihaundi, wale wenye masikio marefu yanayoning'inia na ngozi ya uso iliyokunjamana, ambao kwa karne nyingi Ulaya wamezalishwa kwa kazi hii moja. Machi 2012 tembo aliuawa na pembe zake zikachukuliwa. Mbwa walipelekwa kwa ndege, wakanusishwa mahali pa tukio, wakawaongoza askari wa hifadhi karibu kilomita 7 mpaka kijiji cha wavuvi.

Tukio hilo linanipa furaha na swali kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa waliokuwa nyuma ya kamba ni Wakongo, katika jimbo lenye vita, wakifanya kazi ya subira ya miaka. Swali, kwa kuwa pua hiyo ilifika Kivu kwa ajili ya tembo. Silalamiki juu ya tembo. Tembo ana wafadhili duniani kote, na waliomlinda Virunga wamelipa kwa damu. Ila mbwa hajui tofauti ya jangili na mtoto aliyepotea. Wote wawili wanapukutika ngozi. Lile somo la Rumangabo, bila kubadilishwa neno, ni somo la kumtafuta bibi aliyetoka nyumbani usiku akili ikiwa imemwacha, au binti aliyepanda mlimani kutafuta kuni na giza likamkuta huko.

Tofauti iko katika namna sisi tunavyowafikiria waliopotea. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka mahali pake, ukashuka na mawe na magogo, ukapita katikati ya nyumba za watu. Waliokufa walikuwa makumi, waliobaki bila makazi makumi ya maelfu. Mei 2023 zamu ikawa ya Kalehe, kwenye ziwa Kivu: Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa, maiti zaidi ya 400 zikatolewa, nyingi zikazikwa katika makaburi ya pamoja, na maelfu ya watu hawakujulikana waliko. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025 ikawa Kasaba, katika Fizi, kusini mwetu kwenye ufuko huuhuu: waliokufa zaidi ya 60. Mara zote waliochimba kwanza ni majirani na vijana wa Msalaba Mwekundu, kwa mikono na sepetu. Na mara zote habari zilitujia zimefungwa na maneno mawili, "zaidi ya" na "takriban".

Mbwa wa kufuata njia hawezi kupewa "takriban". Apewe shati. Awe na nguo ya mtu mmoja, iliyookotwa kwa uangalifu isichanganyike na ya nduguye, ndipo atawapita watu elfu sokoni bila kuwageukia, akimtafuta huyo mmoja. Huwezi kumfundisha kutafuta waathirika, wala wahamaji, wala wakazi wa bonde. Mafunzo yake yote yamejengwa juu ya dai kwamba hakuna wawili wanaonuka sawa. Dai hilo hata pacha hawaliondoi kirahisi. Nikilisikia dai hilo hapa kwetu, linanigusa kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia juu ya utu.

Lakini mbwa huyu asipewe kazi isiyo yake. Anayefuata njia anahitaji njia, na mto ukishapita, ardhi aliyoikanyaga mtu haipo tena. Penye kifusi hutumika mbwa wa somo jingine: anafunguliwa kamba, anainua pua hewani, anatafuta binadamu yeyote aliye chini, kisha anabweka. Huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO, ambalo panya buku wake wamekwisha kunusa na kugundua mabomu ya ardhini Msumbiji na Kambodia, limekuwa likiwafundisha panya hao kuingia katika nyufa ambamo mbwa hapenyi, wamevaa kijifuko chenye kamera. Yote hayo ni mema. Ila saa haingoji. Nairobi ilipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, kikosi cha Israeli kilifika na mbwa wake siku iliyofuata, na bado kikawakuta walio hai, kwa sababu zege likivunjika huacha mapango ya hewa. Tope haliachi. Aliye chini ya tope la Mulongwe ana dakika tu, na hakuna ndege itakayomwahi. Pua yoyote itakayomfaa mtu wa Uvira lazima iwe imelala Uvira usiku huo, na mshika kamba wake awe ni jirani anayejua nyumba ya nani ilikuwa wapi.

Najua jibu la haraka: nani atamlisha mbwa samaki wakati mtoto wa jirani amelala njaa? Swali ni la haki, nami silipuuzi. Katika vijiji vyetu vingi mbwa hulala nje, hula mabaki, na jina lake ni tusi. Kwa jirani zetu Waislamu mate yake ni najisi, ingawa katika Kurani Sura ya Al-Maida inaruhusu windo la mnyama aliyefundishwa, na wale vijana wa pangoni wanaosimuliwa humo walikuwa na mbwa wao mlangoni. Tena si kweli kwamba kumfuata mbwa ni jambo lililokuja na Wazungu. Wawindaji wa misitu ya Kongo wana mbwa wasiobweka, ambao dunia inawaita basenji, na huwafunga kengele shingoni ili wawasikie wasipowaona. Mwindaji huyo hamtangulii mbwa wake. Anasikiliza kengele na kwenda inakomwita. Unyenyekevu ambao shule za Ulaya zinamfundisha askari kwa miezi mingi, babu zetu waliujua kwa ajili ya swala na nguruwe mwitu. Hatujaamua tu kuutumia kwa ajili ya mtu.

Kuhusu chakula, nadhani tunapima vibaya. Gharama kubwa ya mbwa huyu si samaki anayekula. Ni muda wa watu: asubuhi nyingi ambazo mtu mmoja anajificha kwenye mihogo, mwingine anaandika njia ilikopita, wa tatu anatembea nyuma ya mnyama akijizuia asijue. Mbwa mmoja akiiva, nyuma yake kumeiva watu kadhaa waliozoea kutafuta kwa utaratibu, kurudi walipokosea, na kusema ukweli penye kukosa. Hata mbwa akifa kesho kwa ugonjwa, watu hao wamebaki mjini.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimheshimu mbwa huyu. Tuzo yake kubwa haitoki mfukoni mwa bwana wake. Imefichwa kwa yule anayetafutwa. Tangu udogoni ameambiwa kwamba mwisho wa kila harufu kuna mtu anayecheka na nyama mkononi. Ndiyo maana New York, baada ya Septemba 11, 2001, mbwa waliopekua kifusi siku baada ya siku bila kumpata mtu aliye hai walianza kulegea. Washika kamba wakawa wanamficha mwenzao mmoja mahali fulani, ili mbwa amkute akipumua, ashangiliwe, apate moyo wa kurudi kazini. Wengine husoma kisa hicho kwa huruma ya mbwa. Mimi nawaza juu ya vijana waliotoa maiti Nyamukubi, wakazifunga kwa mablanketi, wakarudi nyumbani na kuambiwa wajikaze. Mnyama alipewa nafasi ya kukutana tena na aliye hai kabla ya kurudishwa kwenye wafu. Wao hawakufichiwa mtu.

Yote haya hufanyika kabla ya msiba, kwa ajili ya mtu asiyejulikana bado. Wakati kibwa anacheza kujificha, atakayeokolewa miaka miwili baadaye yuko nyumbani kwake, hana habari. Labda hajazaliwa. Kumfundisha mbwa ni kumwahidi mtu huyo kwamba akikosekana jioni atatafutwa yeye, kwa nguo yake, mpaka ijulikane aliko au ijulikane kwamba hayupo. Hapa kwetu ahadi za namna hiyo ni chache. Tumezoea kuanza kutafuta baada ya kilio. Mwezi Desemba 2025, vita vilipoingia Uvira na makumi ya maelfu wakavuka kuingia Burundi, familia zilitawanyika njiani, na kila mama aliyepotezana na mtoto alianza kuuliza peke yake.

Siwezi kudai kwamba mbwa mmoja angebadilisha hayo. Mto unazuiliwa kwa miti mlimani na kwa kutojenga penye mkondo wake, na vita vinazuiliwa na mengine kabisa. Ila kila mbwa wa kufuata njia, kabla ya kupiga hatua ya kwanza, anatulazimisha kujibu maswali matatu. Ni nani? Alionekana wapi mara ya mwisho? Nani ana nguo yake? Msalaba Mwekundu unapounganisha familia zilizopotezana Kivu huanzia kwenye mawili ya mwanzo, na kazi hukwama pale ambapo hakuna anayeweza kuyajibu. Mtaa wowote wa Uvira unaweza kujiandaa kuyajibu hata kabla ya kuwa na mbwa: daftari la kila avenyu lenye majina ya wanaolala katika kila nyumba, likiwemo jina la mpangaji na la mtoto wa kulelewa, nakala yake moja juu mlimani ambako maji hayafiki, na watu watatu au wanne wanaojua kwamba ni juu yao kuuliza mvua ikikatika. Gharama yake ni daftari na kalamu. Tukishindwa hilo, tukiletewa bladihaundi bora kuliko wote wa Rumangabo, mshika kamba wake atasimama Mulongwe na kuuliza anamtafuta nani, nasi tutamjibu kwa kumtajia idadi.